Miaka Kumi na Sita Bila Kuhesabu Pumzi

Mimi ni muuguzi wa cheti. Nilimaliza chuo mwaka 2004, nikafanya kazi upande wa Arua kwa miaka tisa, kisha 2013 nikahamia Kuluba, gombolola ya mpakani katika wilaya ya Koboko. Nipo hapa hadi leo. Jina la kituo changu sitalitaja, maana kosa nitakalolisimulia lilikuwa langu mwenyewe. Mara mbili nimeombwa kutoa ushuhuda huu mbele ya wauguzi wenzangu, na mara zote mbili nilisema maneno machache nikaketi. Nilikuwa naona haya. Sasa nauandika wote, kwa ajili ya mwenzangu yeyote aliyepo pale nilipokuwa.

Kuluba ni njiani. Ukitoka Koboko mjini kuelekea kaskazini unapita kwetu kabla ya kufika Oraba, na ng'ambo ya Oraba ni Sudan Kusini. Magharibi, si mbali, ni Congo. Kwenye benchi moja la wagonjwa utasikia Kikakwa, Kilugbara, Kiarabu cha Juba, Kilingala na Kiswahili, na mara nyingi Kiswahili ndicho kinachotupatanisha. Julai 2016 vita viliporudi Juba, kisha vikafika hadi Yei, watu walivuka kwa maelfu. Walipokelewa hapa Kuluba, wakapandishwa magari kupelekwa kambini, wengi wao Bidibidi kule Yumbe, kambi iliyofunguliwa Agosti mwaka huo huo. Walifika miguu imevimba, watoto migongoni wakiwa na homa.

Tabia yangu haikuanza siku zile, ila siku zile ilipata pa kujifichia. Mtoto mwenye homa, kwangu mimi, alikuwa na malaria. Nilikuwa nampapasa paji la uso, namuuliza mama ni siku ngapi, na kabla hajamaliza kueleza mkono wangu ulikuwa umeshaandika Coartem, dawa ya malaria. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, na vipimo vya kidole tulikuwa navyo. Nilipima. Lakini kipimo kikionyesha hakuna malaria, nilijiambia kipimo kimekosea, nikatoa dawa ile ile. Kuhesabu pumzi za mtoto anayekohoa, jambo tulilofundishwa chuoni na kulifanyia mtihani, nilikuwa nimeliacha kabisa. Kunahitaji dakika nzima, na dakika nilisema sina.

Watu 80 kwa siku ni wengi kwa muuguzi mmoja, hilo ni kweli. Lakini hata siku benchi lilipokuwa na watu 15, sikuhesabu.

Upande wa kujiendeleza nilikuwa hivyo hivyo. Tulipoitwa warsha Arua, nilikwenda kwa furaha, na furaha yenyewe ilikuwa ya posho. Nilisaini karatasi ya mahudhurio, nikalala chumba chenye feni, nikarudi na pesa ya karo na faili jipya. Mafaili hayo niliyapanga juu ya kabati. Kitabu cha mwongozo wa tiba cha Wizara ya Afya, toleo la 2016, kilipofika kituoni nilikiweka hapo hapo juu, kikiwa bado ndani ya nailoni yake.

Mwishoni mwa Juni 2019 mgonjwa wa Ebola alithibitishwa Ariwara, upande wa Congo. Watu wetu huenda sokoni Ariwara na kurudi. Tulishikwa na hofu. Kijana mmoja, afisa tabibu aliyekuwa amehamia kwetu karibuni, alituonyesha OpenWHO, mahali ambapo Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeanza kuweka kozi za bure tangu 2017. Alinisajili kwenye simu yangu mwenyewe. Nilipitisha kurasa moja baada ya nyingine bila kusoma, na kwenye mtihani nikaandika majibu yaliyokuwa yakizunguka kwenye kundi letu la WhatsApp. Cheti kikaja, nikakichapisha Koboko mjini, nikakitundika ukutani. Mgonjwa angeingia wiki ile, cheti kingekuwa kimening'inia nyuma yangu na mimi sijui kuvua glavu bila kujichafua. Hakuingia. Siku hizi nikilikumbuka jambo hilo nasema alhamdulillahi, maana si mimi niliyemzuia.

Machi 2020 korona ikafika Uganda, nchi ikafungwa, warsha zikafa. Masomo yote yakahamia mtandaoni. Nilinung'unika waziwazi. Nilisema masomo ya kwenye simu ni ya vijana wanaokusanya vyeti, na kwamba mtu aliyeshika sindano tangu 2004 hafundishwi na kioo. Ukweli ni kwamba mtandaoni hapakuwa na posho.

Kisha ikaja Septemba mwaka huo.

Jumatatu moja, mvua imenyesha tangu alfajiri, mama mmoja alileta mtoto wa kiume wa miezi 14. Kikohozi na homa, siku ya tatu. Nikapima kidole, hakuna malaria. Nikampa Coartem na panadol. Mama alisema, "Sista, usiku anahema sana." Nikamwambia homa ndiyo inayomfanya aheme, ikishuka atatulia. Wakaondoka. Sidhani walikaa mbele yangu zaidi ya dakika mbili.

Jumatano jioni wakarudi. Mama alikuwa juu ya keria ya baiskeli, mtoto amefungwa kitenge kifuani, na anayeisukuma baiskeli alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji chao, mmoja wa hawa tunaowaita VHT. Ni mzee mkulima wa muhogo, elimu yake ni ya msingi. Mkononi alikuwa na karatasi ya rufaa ameiandika kwa kalamu ya risasi: pumzi 58, kifua kinabonyea, hanyonyi.

Nilikasirika. Neno la kwanza lililonitoka lilikuwa, "Mzee, nani amekutuma kuja kunifundisha kazi?" Nilisema hivyo mbele ya mama, mtoto akiwa pale.

Hakunijibu kwa hasira. Alitoa mfukoni ile saa ndogo wanayopewa ya kuhesabia pumzi, ile inayolia dakika ikiisha, akanyoosha mkono akaniambia, "Sista, wewe mhesabu tu."

Nikafunua nguo ya mtoto. Nikahesabu. Kifua kilikuwa kinaingia ndani chini ya mbavu kila anapovuta hewa, na hilo lingeonekana hata bila saa, kwa mtu anayetazama. Saa ilipolia nilikuwa nimefika 61. Mtoto wa umri wake, kuanzia 40 tayari ni pumzi za haraka. Ilikuwa dakika nzima ya kwanza niliyomtazama mtoto anavyopumua tangu nitoke chuoni.

Nilimchoma ampisilini na gentamaisini, dozi ya kwanza, mikono ikitetemeka. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda kwingine. Kijana mmoja wa boda boda, licha ya amri ya kutotembea usiku iliyowekwa kwa sababu ya korona, alikubali kuwapeleka hospitali Koboko, mzee akifuata kwa baiskeli yake. Nilibaki peke yangu na taa ya sola. Nikafungua daftari la wagonjwa, nikatafuta watoto wenye kikohozi na homa niliowapa Coartem wiki ile huku kipimo kimesema hakuna malaria. Nilipata 23. Wangapi kati yao walikuwa na nimonia, sitajua kamwe. Na hiyo ilikuwa wiki moja.

Mtoto alipona. Siku ya tisa mama alimleta kituoni amemfunga mgongoni, akaniletea kibakuli cha simsimu. Alinishika mikono yote miwili akanishukuru kwa sindano ya usiku ule. Nilipokea simsimu. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba Jumatatu ile mwanawe alikuwa na nimonia ile ile, na kwamba kama ningempa dakika moja angerudi nyumbani na amoksisilini. Shukrani ile iliniumiza kuliko tusi. Nilistahili kulaumiwa, nikapewa simsimu.

Jioni nilikwenda kwa mzee, shambani kwake. Nilimwomba msamaha, kisha nikamuuliza alijifunza wapi. Alisema walifundishwa siku chache na wilaya, halafu wakaachwa. Aliogopa kusahau. Basi yule afisa tabibu kijana akampakulia video fupi kwenye simu ya binti yake, nyingine za Kiswahili, naye huzitazama usiku kabla ya kulala, zile zile kila wiki. "Mimi si msomi, Sista," aliniambia. "Nikikaa bila kurudia, zinatoka." Mimi niliyejiita msomi sikuwa nimerudia kitu kwa miaka 16.

Wiki hiyo hiyo nikamwendea yule kijana. Alikuwa na umri wa mdogo wangu wa mwisho. Nilimwambia nataka kusoma, safari hii kwa kweli. Alinitafutia kozi ya bure ya namna ya kumwangalia mtoto mgonjwa katika ngazi ya huduma ya msingi, ule utaratibu wa WHO na UNICEF wa tangu miaka ya 1990: kwanza dalili za hatari, kisha kikohozi, kuharisha, homa, masikio, lishe, chanjo, bila kuruka. Ukiufuata, mtoto hawezi kuwa "homa" tu.

Sitadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Nilikuwa na miaka 40, na Kiingereza cha kozi kilikuwa kirefu kuliko cha kituoni. Kuluba simu hushika mtandao wa upande wa pili wa mpaka bila kukuuliza, na salio linakwisha ukiwa umekaa. Nilijua mahali pawili penye mtandao mzuri: juu ya kichuguu karibu na kisima, na dirisha la nyuma la chumba cha kujifungulia. Nilisoma saa kumi na moja alfajiri kabla wanangu hawajaamka. Mtihani wa kwanza nilipata 11 kati ya 20, wakati kiwango cha kupita kilikuwa 16. Nililia. Baadaye nikaona kwamba ule mtihani ndio uliokuwa wa kwanza kunifaa, maana majibu yalikuwa yangu.

Swali moja nilibishana nalo siku mbili. Lilihusu artesunate kwa malaria kali, mtoto wa kilo 12. Nilijibu 2.4 mg kwa kila kilo, kama nilivyozoea, yaani karibu 29 mg. Kozi ikasema nimekosea. Nikaamini kozi ndiyo iliyokosea. Niliporudi kusoma maelezo, nikakuta kwamba mwaka 2015 WHO walipandisha dozi kwa watoto wasiofikia kilo 20 kuwa 3 mg kwa kilo, kwa sababu miili yao midogo hubaki na dawa kidogo kuliko mtu mzima kwa kipimo kile kile. Kilo 12, 36 mg. Kwa miaka mitano nilikuwa nawapunja dawa watoto waliokuwa karibu na kufa, na nilikuwa nafanya hivyo kwa uhakika wote. Siku hiyo nilipanda kiti, nikakishusha kile kitabu cha wizara juu ya kabati, nikachana nailoni. Tangu hapo kipo mezani, na jalada limeshatoka.

Januari 2021, kwenye uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Nilikuwa katikati ya somo la mtoto mchanga. Kijana alikuwa amenizoesha kupakua kila kitu mapema, kwa hiyo niliendelea na kilichokuwa kwenye simu. Julai mwaka huo ikaja kodi ya asilimia 12 juu ya bando. Kuna wiki nilichagua kati ya sabuni na megabaiti, na kuna wiki nilichagua sabuni. Nasema haya kwa sababu wanaotutungia kozi mijini wanastahili kuyajua. Kozi isiyopakulika kwenye simu ndogo, sisi wa huku mpakani haitufikii, hata ikiwa ya bure.

Kozi ile nilikuwa nimeimaliza Aprili, kabla ya kodi hiyo kuja. Cheti sikukichapisha.

Nataka kusema pia kozi hizi zilinifikisha wapi na zikaniacha wapi, maana nimeona wenzangu wakizikataa zote kama nilivyofanya, na wengine wakizimeza kwa vyeti kama nilivyofanya pia. Simu ilinifundisha kwamba mtoto mchanga asiyelia wala kupumua lazima aanze kusaidiwa kupumua ndani ya dakika ya kwanza. Niliielewa dakika hiyo vizuri sana. Kisha akazaliwa mtoto asiyelia, nikashika mfuko wa hewa, na kinyago hakikukaa usoni. Hewa ilitokea pembeni. Mkunga mwenzangu, ambaye hakuwahi kufungua kozi yoyote ya mtandaoni, aliusukuma mkono wangu, akanyanyua kidevu cha mtoto, kifua kikainuka. Mkono haujifunzi kwa kutazama. Mwezi uliofuata tuliazima mwanasesere wa mazoezi, na mkunga ndiye aliyekuwa mwalimu wetu. Nilimwonyesha video za Global Health Media Project za dalili za hatari kwa mtoto mchanga, naye akanionyesha vidole vikae wapi. Hapo ndipo masomo yalipokamilika, kwangu na kwake.

Kenya walilijua hili mapema. Mwaka 2005 Amref na Baraza la Wauguzi la nchi hiyo walianza kuwapandisha wauguzi wa cheti hadi diploma kwa masomo ya njia ya kompyuta, lakini hawakuondoa mazoezi ya wodini. Laiti ningeyasikia hayo wakati ule nilipokuwa nanung'unika juu ya kioo.

Katikati ya 2021 nilikwenda nyumbani kwa yule mama. Nilikuwa nimebeba neno lile miezi tisa. Nilimwambia yote: Jumatatu ile, kipimo, dakika mbili, jinsi alivyoniambia mtoto anahema nami nikamnyamazisha. Alinyamaza muda mrefu akipepeta. Kisha akasema, "Nilijua, Sista. VHT aliniambia njiani. Aliniambia pia nisikuchukie, utajifunza." Akaninawisha mikono, akaniletea chakula. Mzee yule alikuwa amenitetea jioni ile ile niliyomtukana, akisukuma baiskeli, na hakuwahi kunidokezea.

Sikustahili hilo. Nimejaribu kulilipa kwa njia moja tu ninayoiweza. Kila Alhamisi saa kumi jioni, wagonjwa wakipungua, tunakaa chini ya mwembe nyuma ya kituo: wauguzi, mkunga, na VHT watano au sita. Mmoja wetu amepakua somo moja, si zaidi. Tunalitazama kwenye simu, anayejua Kiingereza anafasiri kwa Kiswahili, mzee anafasiri kwa Kikakwa. Kisha tunaweka simu chini, tunamwomba mama yeyote aliyepo atuazime mtoto, tunahesabu sote kwa pamoja. Mwanzoni hesabu zetu zilipishana sana, mmoja 34, mwingine 47, mtoto yule yule. Sasa zinakaribiana. Tumejua kwamba mtoto anayelia au anayenyonya hahesabiki, usubiri atulie. Tumejua kwamba kuhesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili si sawa na kuhesabu dakika nzima. Kila mwisho wa mwezi tunafungua daftari na kuangalia watoto wangapi wenye kipimo cha "hakuna malaria" wamepewa dawa ya malaria. Bado wapo. Mwezi uliopita walikuwa wanne, na mmoja mwandiko ulikuwa wangu, siku ya msongamano. Nilisema mbele ya wote kwamba ni wangu.

Mtoto wa Septemba ile ameshaanza darasa la kwanza. Hupita mbele ya kituo asubuhi akikimbia.

Mwenzangu uliyeko zamu mahali fulani, Yumbe, Arua, Aru, Kigoma au kwingineko, na una vyeti vingi ukutani au huna hata kimoja: Alhamisi saa kumi tupo chini ya mwembe, karibu. Ukiwa mbali, fungua somo moja leo, ulisome mpaka mwisho na ujibu mwenyewe. Na kesho asubuhi njoo kazini na saa yenye mshale wa sekunde, umhesabu mtoto wa kwanza mwenye kikohozi, dakika nzima.